Mhariri, mchanga peke yake hautoshi: pikapu kwenye theluji ni tairi kwanza

Ndugu Mhariri,

Salaam. Sio kawaida yangu kuandika gazetini, mi huwa nasoma ukurasa wenu wa magari, nakunja gazeti, naendelea na shughuli zangu. Ila ile makala ya kuendesha pikapu kipindi cha theluji imenikaa kooni. Mwandishi wenu, kwa kifupi, kasema ukiwa na pikapu rusha mifuko kadhaa ya mchanga nyuma, weka foo wili, yaani tairi zote nne zisukume, kazi imeisha. Na picha mkaweka, mifuko imepangwa vizuri kabisa pale mwisho kabisa kwenye mlango wa bodi, imelala tu hapo hata kamba haina. Nikasema aah, hapa kuna mtu ataumia.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilishaumia, bahati nzuri nikaumia bampa tu. Winta yangu ya kwanza na pikapu nilikuwa nimetoka kwenye magari madogo yale yanayovuta kwa tairi za mbele, na kila mtu ananiambia pikapu tupu nyuma ni nyepesi, itacheza kama mbuzi, weka uzito. Sawa, nikanunua mifuko mitano ya mchanga, kila mmoja kilo 25, nikafungua mlango wa bodi nikaitupia pale pale mlangoni maana nani apande juu na baridi ile aanze kuiburuza mpaka katikati? Nikafunga, nikawasha, nikaondoka najiona mjanja. Kamwinuko ka kwanza gari ikapanda bila shida nikajisemea unaona sasa. Halafu nikafika kwenye makutano, theluji imekanyagwa na magari mpaka imekuwa inang'aa kama sahani iliyooshwa, nikapunguza mwendo, nikakata usukani kulia, gari ikaendelea mbele. Mi nimekata kulia, tairi zenyewe za mbele zimegeuka kulia kabisa naziona kwenye kioo cha dirisha la duka zimegeuka, na gari inaenda mbele, taratiiibu, mwendo wa mtu anayewahi basi, nikapata hadi muda wa kusema "sasa mbona, sasa mbona" kama mara tatu mpaka pua ikaingia kwenye lundo la theluji. Tena baada ya kugonga ndo nikasikia dang! nyuma ya kichwa changu, mifuko imeteleza kutoka mlangoni mpaka kwenye ukuta wa kabini, mmoja ukapasuka.

Akatokea mzee mmoja na beleshi lake. Hata hakuangalia mbele nilipogonga, alienda moja kwa moja nyuma, akachungulia bodi, akacheka. Akaniambia "Kijana, umeikalisha gari kwa makalio, sasa mikono yake itagusa chini saa ngapi?"

Hiyo ndo hesabu yenyewe Mhariri, na haihitaji chuo kikuu. Gari ni kama mbao iliyowekwa juu ya mawe mawili, ekseli ya mbele na ekseli ya nyuma. Chukua pikapu ambayo kati ya ekseli hizo kuna mita 3. Ukiweka kilo 100 juu ya ekseli ya nyuma sawasawa, kilo zote 100 zinaenda nyuma na mbele haibadiliki. Ukiziweka mita 1 nyuma ya ekseli, kule mlangoni kama kwenye picha yenu, nyuma inapata kilo 133 na mbele inapungua kilo 33. Yaani umenunua uzito wa nyuma kwa kuiibia tairi za usukani, ambazo ndo hizo hizo zinafanya kazi kubwa ya kufunga breki. Gari inapanda vizuri, inaondoka vizuri, inakupa kiburi, halafu kwenye kona inakuuliza kwani ulisema nini. Na ukizisogeza mbele kidogo ya ekseli, tuseme sentimita 30, nyuma inapata kilo 90 na mbele inaongezeka kilo 10. Mi hapo ndo naweka siku hizi, katikati ya yale matuta mawili yanayofunika tairi ndani ya bodi, na kusogea kuelekea kabini kidogo.

Kitu kingine ambacho makala haikugusa kabisa ni taa. Ukijaza nyuma gari inainama mgongoni, pua inapanda juu, na taa zinaanza kumulika macho ya wanaokuja badala ya barabara. Usiku wenye theluji inayoanguka hilo sio jambo dogo, we mwenyewe unaona ukuta mweupe na mwenzako haoni kitu. Baada ya kupakia simama mbele ya ukuta uangalie mwanga unapiga wapi, uteremshe taa kama gari lako lina kile kigurudumu kwenye dashibodi.

Sasa turudi kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu. Hata mchanga ukiwekwa mahali pake, sio dawa ya kwanza. Ni ya pili, labda ya tatu. Ya kwanza ni tairi. Na sisemi kwa mdomo tu, tupige hesabu pamoja, mwandishi wenu naye apige.

Tuseme pikapu tupu ina kilo 1,900, na kilo 1,100 ziko mbele, 800 ziko nyuma, ndo mgawanyo wa kawaida kwa sababu injini na kabini viko mbele na nyuma ni bati tupu. Kuna mlima wa asilimia 10, yaani kila mita 100 unapanda mita 10. Kupanda hapo unahitaji msukumo kama wa kilo 190, moja ya kumi ya uzito wa gari lote. Tairi za kawaida kwenye theluji iliyoshindiliwa zinashika kama sehemu mbili ya kumi ya uzito uliokaa juu yake, tuseme hivyo. Sehemu mbili ya kumi ya 800 ni 160. Hupandi. Haya ongeza mchanga kilo 120, umeweka vizuri juu ya ekseli: nyuma sasa 920, msukumo 184. Umefurahi? Subiri, na gari lenyewe limekuwa zito, sasa linahitaji 202. Bado hupandi! Kumbe pengo limepungua kuliko awali lakini bado umepungukiwa, umebaki unasugua barafu pale chini na watu wanapiga honi. Mtu atasema mlima wenyewe unasukuma uzito kwenda nyuma, kweli, unaongeza ongeza kidogo, lakini nimejaribu kuuweka kwenye hesabu na jibu ni lile lile. Sasa toa mchanga wote, rudi kwenye 1,900, vaa tairi nzuri za winta zinazoshika sehemu tatu ya kumi. Tatu ya kumi ya 800 ni 240, na unahitaji 190. Umepanda, na bodi liko tupu.

Nakubali namba za kushika barabara hazikai mahali pamoja, zinabadilika na theluji na joto na tairi yenyewe, lami kavu inaweza kufika saba au nane ya kumi na barafu tupu ikashuka mpaka moja ya kumi au chini. Ila mpangilio haubadiliki. Mchanga unaongeza uzito unaokandamiza tairi na papo hapo unaongeza mzigo wa kubeba. Tairi inaongeza mshiko bila kukudai kitu.

Na sio kila tairi. Hapa watu wengi wanadanganyika na kashata, yale mabonge ya mpira usoni mwa tairi. Wanaona tairi ina kashata kubwa kubwa kama za trekta wanasema hii ndo ya theluji. Kashata kubwa kwenye matope sawa, kwenye theluji laini inasaidia, ila kwenye barafu na theluji iliyokanyagwa zile bonge kubwa za mpira mgumu zinateleza kama sabuni, maana sehemu inayogusa chini ni ndogo na haina makali. Tairi ya winta ukiiangalia kwa karibu, inama kabisa, utaona kila bonge la kashata limechanjwa vichale vyembamba vyembamba, vingi, vimepinda pinda kama mawimbi. Bonyeza kwa kidole gumba, vichale vinafunguka. Kila kichale kikiguswa na barabara kinafunguka na kuwa ukingo wa kung'ata theluji, na tena theluji inajaa kwenye mifereji na kushikana na theluji ya chini, kwa sababu theluji inapenda kushika theluji, ndo maana unaweza kufinyanga mpira wa theluji mkononi.

Halafu mpira wenyewe. Tairi ya kawaida joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi inaanza kukakamaa, na kadri inavyoshuka inakuwa kama plastiki. Ya winta imechanganywa tofauti ili ibaki laini.  Na kinyume chake ukiivaa kipindi cha joto inalika haraka na breki inakuwa ya kuvuta vuta, kwa hiyo ukifika wakati itoe usiwe mvivu.

Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi ni mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo maana yake tairi imejaribiwa kwenye theluji na ikafaulu. Herufi M+S peke yake ni mtengenezaji anajisifu tu kwamba kashata yake inafaa matope na theluji, hakuna aliyempima. Ujerumani wamechoka na hilo, tangu Oktoba 2024 M+S bila ule mlima haihesabiki kama tairi ya winta. Austria wao kuanzia 1 Novemba mpaka 15 Aprili hali ya barabara ikiwa ya kiwinta lazima uwe na tairi za winta, na kashata isipungue milimita 4. Sweden ni 1 Desemba hadi 31 Machi na milimita 3, na jimbo la Quebec kule Canada ni 1 Desemba mpaka 15 Machi. Hawa watu wanaishi na theluji, na sheria zao hizo zinataja tairi, hakuna panapotajwa mifuko ya mchanga.

Na kitu ambacho kilinifurahisha nilipokisoma, tairi ya winta ya kwanza kabisa duniani ilitoka Finland mwaka 1934, kampuni ambayo leo inaitwa Nokian Tyres, na walitengeneza kwa ajili ya malori! Gari ndogo zilikuja kupata zao baadaye, 1936. Yaani toka mwanzo waliona gari la mzigo ndo lenye shida zaidi. Sisi wenye pikapu ndo tulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa, na ndo sisi bado tunabishana na mifuko.

Zinavaliwa nne. NNE. Usije ukamsikiliza mtu anayekwambia pikapu inasukuma nyuma basi vaa mbili za nyuma ubane matumizi. Utaondoka vizuri kuliko wote halafu hutakata kona wala hutasimama. Mi nilikwambia yaliyonikuta na usukani uliokosa uzito, sasa ongezea na mpira uliokakamaa.

Kuhusu upana najua watu watanirushia mawe. Vijana wanapenda tairi pana, pikapu inaonekana imeshiba. Kwa barabara yenye theluji ya kawaida, ile nyembamba kidogo ndani ya saizi zilizoruhusiwa kwenye kitabu cha gari ndo bora, inakata theluji mpaka inakuta kitu kigumu chini, wakati ile pana inapanda juu ya theluji kama ngalawa. Hapo mtu atanikumbusha zile Hilux za Iceland zenye tairi kama za ndege, za Arctic Trucks, zile ambazo mwaka 2007 zilifika mpaka pale ncha ya sumaku ya kaskazini ilipokuwa mwaka 1996. Kweli, ila zile zinatembea juu ya theluji ya kina kirefu isiyo na barabara, wanataka kuelea, tairi za inchi 38 na zaidi na upepo wanashusha mpaka psi 3 hivi au 4. We unaenda kazini kwenye lami iliyofunikwa. Usishushe upepo, tena angalia upepo mara kwa mara maana baridi yenyewe inaushusha, kila joto likishuka nyuzi 5 na nusu hivi unapoteza kama psi 1. Ulijaza ndani ya gereji yenye nyuzi 20, nje asubuhi ni 15 chini ya sifuri, tayari psi 6 zimeyeyuka na hujatobolewa na mtu. Pima gari likiwa limelala nje, kabla hujaliendesha.

Sasa foo wili. Hapa ndo mwandishi wenu alinimaliza kabisa. Foo wili ni nzuri, mi ninayo, naipenda, kwenye ile hesabu yangu ya mlima ukiweka foo wili uzito wote 1,900 unasukuma, sehemu mbili ya kumi ni 380, unapanda unaimba. LAKINI foo wili ni ya kuondoka. Kusimama kila gari duniani lina foo wili, breki ziko tairi zote nne toka zamani, kwa hiyo kile kitufe hakikuongezei hata sentimita moja ya kusimama. Ubaya wake ni kwamba inakuficha. Gari la kusukuma nyuma linakuambia ukweli mapema, ukikanyaga mafuta mkia unacheza unajua leo kunateleza. Lenye foo wili linaondoka kimya kimya kama kwenye lami kavu, unafika spidi 80 huna habari, barabara inakuja kukuambia ukweli kwenye breki. Angalieni asubuhi baada ya theluji kubwa ni magari gani yako kwenye mitaro, mi nahesabu kila mwaka na yale makubwa marefu hayakosekani.

Na pikapu nyingi foo wili yake ni ile ya kuweka na kutoa, ambayo ukiiweka shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja zinazunguka sawa. Kwenye theluji sawa maana tairi zinapata pa kuteleza. Kwenye lami kavu ukikata kona tairi za mbele zinataka kuzunguka haraka kuliko za nyuma na haziruhusiwi, gari linajikaba, unasikia linaruka ruka na usukani unakuwa mzito, hapo unaumiza gia boksi. Barabara ya winta ina vipande, hapa nyeusi hapa nyeupe, kwa hiyo ni kuweka na kutoa, weka na toa, ndo kazi yenyewe.

Difu nayo, ile gia ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa tairi mbili, ina siri yake. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa kulia na kushoto, inaonekana ni haki lakini tairi moja ikikanyaga barafu inapokea nguvu kidogo tu, na ya pili iliyoko kwenye changarawe kavu inapewa hicho hicho kidogo. Ndo unaona pikapu imekwama tairi moja inazunguka kama feni nyingine imelala usingizi. Gari zenye ile kompyuta ya kuzuia tairi kuzunguka zinaifunga breki tairi inayocheza ili nguvu ivuke upande wa pili, nzuri sana barabarani, ila ukiwa umekwama kwenye theluji nzito mara nyingine inakata nguvu ya injini mpaka unabaki unakohoa tu, hapo ndo kile kitufe cha kuizima kina kazi yake, ukitoka irudishe. Mwenye difu loki, ile inayofunga tairi mbili za ekseli zizunguke sawa, aitumie kujikwamua kwenda mbele mstari ulionyooka, mwendo wa kinyonga. Asikate nayo kona kwenye barafu, tairi zote mbili za nyuma zitaachia kwa pamoja na mkia utakupita.

Minyororo sina mengi, ukiwa sehemu za milima uwe nayo, soma kitabu cha gari kinasema ifungwe tairi zipi (ya kusukuma nyuma ni nyuma), nenda kidogo usimame uikaze tena, usipite spidi 50, na ukifika kwenye lami kavu itoe. Jifunze kuifunga nyumbani ukiwa na mikono yenye joto. Basi.

Baada ya yote hayo ndo tunarudi kwenye mchanga, maana nisionekane naupinga. Ukishavaa tairi, na pikapu yako ni tupu, kilo 100 mpaka 150 juu ya ekseli ya nyuma zinasaidia kweli, mkia unatulia, na breki za nyuma zinapata kitu cha kushika badala ya kompyuta ya breki kuhangaika nazo. Cheki ile karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inasema gari libebe kilo ngapi jumla, na abiria wako wamo kwenye hesabu hiyo. Halafu FUNGA. Mi nimetengeneza fremu ya mbao kati ya yale matuta ya tairi, mifuko inaingia humo haisogei mbele wala nyuma, na juu napitisha mkanda wa kukazia. Mtu asiweke matofali, mawe, wala injini ya zamani, gari likigonga au likipinduka kile kitu kinakuwa kombora na kichwa cha kwanza kwenye njia yake ni chako. Na wale wanaoacha theluji ijae bodini waseme ni uzito wa bure, theluji hiyo haikai mahali, ikiyeyuka kidogo na kuganda tena inakuwa bonge moja la barafu linalojisogeza lenyewe kila ukifunga breki, na nyingine inapeperuka kwenye kioo cha aliye nyuma yako.

Mchanga una faida ya pili, ukikwama unaumwaga mbele ya tairi. Ila hapa nako nilichekwa. Mwaka mmoja nimekwama, nikasema leo ndo leo, nikapanda bodini nichukue mchanga, nikakuta mifuko imeloa ikaganda, naupiga na beleshi inalia ting ting kama jiwe la kaburi. Uzito nilikuwa nao, mchanga sikuwa nao. Tangu hapo nina dumu la lita 10 la mchanga mkavu nimeliweka ndani ya kabini nyuma ya kiti, mdomo nimeukata mpana. Chumvi pia inafaa lakini ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri hivi ile ya kawaida inakuwa imeshachoka, mchanga haujali baridi.

Na kabla ya kumwaga chochote, chimba. Watu wanakanyaga mafuta kwa hasira, tairi inazunguka inapata joto, inayeyusha theluji, inageuka kuwa kioo, sasa umejichimbia kaburi na umelipaka mafuta juu. Toa theluji mbele ya tairi zote nne na chini ya tumbo la gari kama limekaa, nyoosha usukani, gia ya pili, mguu mwepesi kama unakanyaga yai. Likisogea sentimita 20 na kugoma acha lirudi lenyewe, uende tena, kama kubembea mtoto. Na angalia bomba la moshi halijafukiwa na theluji, ukikaa ndani injini inawaka bomba limeziba ule moshi unaingia kabini, na ndani yake kuna gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu ya kukushtua, inaua kimya kimya.

Kuna mambo ya mguu na mkono ambayo nitayapita haraka maana barua imekuwa ndefu na najua mtaikata: kruzi, ile inayoshikilia spidi yenyewe, izime, mbele yako acha nafasi ya sekunde 8 mpaka 10, kwenye madaraja punguza mapema kwa sababu baridi inayapiga juu na chini yanaganda kabla ya barabara nyingine. Na tahadhari zaidi na siku ya nyuzi sifuri kuliko siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, watu hawaamini hili, lakini barafu karibu na sifuri ina utandu wa maji juu yake na hiyo ndo inayoteleza kupita zote, ile ya baridi kali sana ni kavu inashikika kidogo.

Wenye pikapu ya kusukuma nyuma wasishushe gia ghafla kwenye mteremko wa barafu, injini inazikaba tairi za nyuma peke yake, mkia tupu unakuja kukusalimia dirishani.

Kwa hiyo ombi langu Mhariri sio kubwa. Sitaki mwandishi aombe radhi, kila mtu anajifunza, hata mi nilijifunza kwa kugonga. Naomba tu ile picha ipigwe upya kabla theluji haijaanza, mifuko iwe katikati ya matuta ya tairi na imefungwa, na kamera ishuke chini kidogo tairi zionekane na ule mlima wenye vilele vitatu. Pikapu yangu ipo, fremu ya mbao ipo, mchanga upo na mkavu safari hii. Mpiga picha aje na glavu tu.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
dereva wa pikapu